Gari Lililolala Zizini

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika nyundo. Fundi Mkuu, Singasinga mmoja mwenye ndevu alizozifunga vizuri chini ya kidevu, alinipeleka uani kwenye lori bovu, akanionyesha madigadi ya mbele na kuniambia nigonge kwa kifundo cha kidole. Nikagonga. Akaniambia nisogee kidogo, nigonge tena. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nimetoka Ujiji kwa treni nikiwa na ufundi wangu wa kuunda ndoo na vibatari, nikadhani ananifanyia mzaha.

"Nasikia nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kihindi.

"Nasikia bati, Fundi Mkuu."

"Bati ipi? Hapa najibu. Hapa nanyamaza. Bati mzima najibu, bati mgonjwa nanyamaza. Wewe gonga gari yote, jioni kuja niambie wapi nanyamaza."

Niligonga mpaka kifundo kikavimba. Jioni nikamwonyesha sehemu zilizonyamaza, naye akachukua bisibisi na kuichoma sehemu ya kwanza. Ikaingia kama inaingia kwenye ugali. Rangi ilikuwa nzuri, nyekundu, inang'aa, lakini nyuma yake hapakuwa na chuma tena. Nilicheka kwa mshangao. Yeye hakucheka. Aliniambia nirudi kesho, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Hiyo ilikuwa Shinyanga ya miaka ile vita vikubwa vilipokuwa vimeisha karibuni. Karakana yetu ilikuwa jirani na stesheni, na kutwa nzima tulisikia mabehewa yakigongana. Magari hayakuwa mengi, lakini yaliyokuwepo yalifanya kazi kweli kweli. Malori ya pamba, malori ya ngozi, magari ya wenye maduka, moja moja la padri. Leo nikiambiwa nichague siku ya kuirudia katika maisha yangu, sitachagua siku ya harusi wala siku ya kupata mtoto. Mke wangu, Mungu amrehemu, angenielewa. Nitachagua asubuhi yoyote ya kawaida pale uani, makaa yanawaka, Fundi Mkuu anakunywa chai yake ya tangawizi na hasemi na mtu mpaka aimalize.

Vijana huniuliza chuma cha zamani kilikuwa na nini. Kilikuwa kinene, basi. Bati la gari la kabla ya vita ukiligonga lilikujibu kwa sauti ndefu, unaondoa mkono nalo bado linasema. Magari yaliyokuja baada ya vita bati lake lilikuwa jembamba zaidi. Fundi Mkuu alikuwa akiyazunguka magari mapya yaliyoshushwa kwenye treni, anagonga, anatikisa kichwa. Tulikuwa tunanyoosha bati kwa nyundo upande mmoja na kipande kizito cha chuma upande wa pili, ili chuma kibanwe katikati na kurudi kilikotoka. Bati nene linakuvumilia ukikosea. Jembamba ukiligonga vibaya linatanuka, linafanya tumbo, na tumbo hilo halirudi.

Palipobonyea sana tulijaza risasi. Si risasi ya bunduki, ni ile metali laini inayoyeyuka upesi. Unakisugua chuma mpaka kiwe cheupe, unakipasha moto, unayeyushia risasi juu yake, halafu unaisawazisha kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta ya ng'ombe ili isigande kwenye kibao. Harufu ya mafuta yale yakiungua naikumbuka kuliko ninavyokumbuka sura za watu wengi niliofanya nao kazi. Siku hizi wanapaka filla, ule ujiuji wa kuzibia mabonde, wanapiga msasa, wanapulizia rangi, gari linatoka limependeza kama bibi harusi. Likipata mvua za msimu mmoja, filla inadondoka barabarani.

Kuhusu kutu, nieleze kidogo. Kuna kutu ya juu, ambayo ni vumbi jekundu tu, unaisugua inatoka. Kuna kutu ya vidonda, inayochimba vishimo, na hapo lazima ukae ufikirie. Halafu kuna kutu inayoanzia ndani kuja nje. Hii huioni mpaka iwe imemaliza kazi yake, na hii ndiyo kidole kinaisikia. Kila mahali palikuwa na kutu yake. Lori lililobeba chumvi ya Uvinza liliozea sakafuni. Lililopita mbugani liliozea nyuma ya madigadi, kwa sababu lile tope jeusi linang'ang'ania humo na kukaa na unyevu hata kiangazi. Fundi Mkuu alikuwa anaweza kuangalia kutu ya gari na kumwambia dereva alikopita. Madereva wengine waliona ni uchawi.

Baadaye nilichukuliwa na mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Huko bosi wangu alikuwa Meneja wa Karakana, Mzungu mrefu, mkimya, aliyejifunza Kiswahili chake kwa wapishi na kwa hiyo akawa anaamuru kila kitu kama anaagiza chakula. Alichukia rangi. Gari likiletwa, neno lake lilikuwa lile lile: "Rangi ni shati tu. Vua." Tukalivua kwa moto na brashi ya waya mpaka chuma kikabaki uchi, ndipo alipokubali kuzungumza. Maji yaliyotoka shimoni pamoja na mawe yalikuwa makali, yalikula mabodi ya malori kuliko chumvi. Tulikuwa tunakata na kuchomea, tunakata na kuchomea. Gesi ya kuchomea tulitengeneza kwa mawe ya karabidi yaliyotiwa maji, karabidi ile ile iliyowashia wachimbaji taa zao. Wachimbaji walinitania sana. "Fundi, wewe unahangaika na chuma kinachougua. Sisi tunatafuta kile kisichoshika kutu." Nikawajibu kwamba hicho chao hakijawahi kubeba mtu kumpeleka hospitali. Tukacheka, tukaenda kula.

Nilikaa mgodini hadi Fundi Mkuu alipofungua karakana ndogo pale Geita, barabarani, akaniita. Sikufikiria mara mbili. Meneja alinipa mkono na kusema, "Wewe mkaidi. Fundi mzuri lazima mkaidi." Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Ni katika karakana hiyo ndogo ndipo gari la Luhende lilipoletwa, na hilo ndilo hasa nililokaa chini kuliandika.

Lililetwa na ng'ombe. Jozi mbili za maksai zilikuwa zinalikokota kutoka upande wa Nyarugusu, na mbele yake alitembea mama mmoja mrefu, mweusi, amejifunga kaniki, hatazami kushoto wala kulia. Nyuma yake alikuja mzee mwenye fimbo. Mama yule aliitwa Mama Kabula. Mzee alikuwa shemeji yake, Masalu, kaka mkubwa wa mumewe. Lilikuwa gari la kabla ya vita, mbele bati, nyuma sanduku la mbao, yale tuliyoyaita boksibodi.

"Mwadila," nikawaamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwadila, fundi," akaitikia mama. "Tumeleta mgonjwa."

Masalu ndiye aliyetueleza. Luhende, mdogo wake, alikuwa dereva wa mnunuzi mmoja wa dhahabu, na mnunuzi yule alipohama akamwuzia gari hilo. Luhende akalipenda kama mtu anavyopenda dume lake la ng'ombe. Vita vilipokuja akachukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, na kabla ya kuondoka akamwambia mkewe alitunze hadi arudi. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao ya kijeshi, yeye hakurudi. Karani wa boma akaja kuwatangazia kwamba alipotea huko Burma na mwili haukupatikana. Mama Kabula akasikiliza, akasema asante, akaendelea kulitunza gari.

"Hatujaanua matanga hadi leo," akasema Masalu. "Tutaanuaje, na hatujazika? Huyu si mke wala si mjane. Kila gari likivuma barabarani anatoka kutazama. Mimi nimechoka kumwona. Nimemwambia hivi: lipelekwe kwa fundi. Likirudi nyumbani kwa miguu yake lenyewe, liwe lake, sitasema neno. Likishindwa, nalipeleka kwa Warongo wafua chuma, tugawane majembe, na yeye akubali kwamba mume wake hayupo."

"Atarudi atakuta majembe?" akauliza mama. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Fundi Mkuu alianza kugonga. Boneti ilijibu, milango ilijibu kwa juu. Alivyoshuka chini, kimya. Chini ya milango, kimya. Sakafu nzima, kimya. Akainama kunusa, akainuka macho yamemtoka.

"Mama, gari hii nalala wapi?"

"Zizini."

"Zizi ya ng'ombe?"

"Ndiyo, baba. Katikati ya ng'ombe."

Fundi Mkuu alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Samadi na mkojo wa ng'ombe ni adui wa chuma kupita hata maji ya mgodi. Miaka yote ile gari lilikuwa limesimama humo, masika na kiangazi, magurudumu yamezama. "Nani alikuambia gari nakula nyasi?" akamaka. "Kwa nini hapana weka nyumbani, hapana jengea banda?"

"Zizini ndiyo mahali pake," akajibu mama, na Masalu akaangalia pembeni. Sisi wawili, mtu wa Ujiji na mtu wa Punjabi, tuliona ni ushamba wa watu wa ng'ombe tu.

Fundi Mkuu alinivuta kando na kuniambia gari limekufa. Sakafu hakuna, mbao zimeliwa na mchwa, tuwaambie ukweli waende kwa Warongo. Nikamwomba afungue injini kwanza. Alifungua huku ananung'unika, kisha akaniita nitazame. Luhende kabla ya kwenda vitani alikuwa ameijaza injini mafuta hadi juu, akaziba kila tundu kwa nta na matambara. Ilikuwa safi, mafuta yanateleza kidoleni. Fundi Mkuu aliyatazama yale matambara kwa muda.

"Huyu mtu alitaka kurudi," akasema. Kisha akavua koti. "Injini yangu. Bodi yako."

Kwa hiyo nikaanza kukata. Mama Kabula alifikia kwa ndugu yake pale mjini, na kila asubuhi alikuja, anakaa kwenye kivuli cha bati na michembe yake, viazi vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, anatugawia, anatazama. Nilikata sehemu za chini za milango. Nilikata madigadi ya nyuma. Kila nilichokata nilikitupa kwenye rundo, na kila nilichotupa yeye alikifuata kwa macho. Mahali pake nilichomea bati jipya, na la upande mmoja wa madigadi nililitoa kwenye pipa kwa sababu lilikuwa nene karibu kama lile la zamani. Nilifanya kazi ile kwa furaha, sitaficha. Sijawahi kuwa na bati zuri namna ile mkononi, wala sikulipata tena.

Siku moja akaniita. "Mwanangu, nikuulize. Kila siku mnasema bodi, bodi. Bodi ni nini?"

"Ni hii sehemu ya nje, mama. Ndani kuna injini, chini kuna chesisi, hii inayovaa rangi ndiyo bodi. Ni neno la Kizungu. Maana yake mwili."

"Mwili wa gari."

"Ndiyo."

"Na mwili wa mtu, Wazungu wanauitaje?"

"Hivyo hivyo, mama. Bodi. Mtu na gari, neno moja."

Alifunga michembe yake, akaondoka kabla ya adhuhuri, na kesho yake hakuja. Nikadhani nimemuudhi.

Alirudi siku niliyokuwa natoa sakafu. Sakafu ile ilitoka vipande vipande, vingine vilikuwa unga mwekundu tu wa kuzoa kwa koleo. Lakini upande wa dereva, chini ya pedali, palikuwa na kipande kilichobaki, ukubwa wa sahani. Luhende aliendesha bila viatu. Kisigino chake kilikuwa kimekaa pale kwa muda mrefu mpaka kikafanya kibonde kidogo, laini, ambacho hata kutu ilikuwa imekikwepa. Nikakigonga kwa mazoea. Kilijibu, kidogo sana, lakini kilijibu.

Nilimpelekea mama. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifuta kwa kaniki, akaweka kidole gumba ndani ya kile kibonde.

"Hapa ndipo alipokanyaga," akasema.

"Ndiyo, mama. Ukitaka naweza kukichomea tena mahali pake. Kitakaa."

Alitafakari, huku kidole gumba bado kimo mle. Kisha akauliza, "Katika hili gari sasa, chake ni kipi kilichobaki?"

Nikamjibu kweli. Boneti, sehemu ya juu ya milango, paa la mbele, injini. Kilichobaki ni changu na cha pipa.

"Basi hilo lililosimama ni gari," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Hilo atachukua shemeji, abebee wagonjwa, abebee pamba. Na hiki, pamoja na vile vyote ulivyovitupa pale, nitilie kwenye gunia. Usiache hata unga."

Masalu, aliyekuja naye siku hiyo, alikuwa amesimama karibu. Nilimwona uso unabadilika. Akaondoa kofia yake, mzee yule, akamshukuru taratibu kwa Kisukuma, "Wabeja, shemeji. Wabeja sana." Mama alipokwenda kutafuta gunia, ndipo Masalu aliponieleza nilichokuwa sijui. Kwao, mwenye mji akifa huzikwa zizini, kati ya ng'ombe wake. Mahali pale hawekwi mtu mwingine. Mama Kabula, alipoambiwa kwamba mwili haukupatikana, hakulia wala hakubishana. Alikwenda akalisukuma gari la mumewe kutoka uani hadi zizini kwa msaada wa vijana, na tangu siku hiyo hakueleza mtu kwa nini, labda hata yeye mwenyewe hakuwa amejieleza.

Nilijaza gunia kwa mikono yangu. Fundi Mkuu alikuja, akaona nafanya nini. Alipiga magoti, kilemba chake kichwani, akazoa ule unga mwekundu kwa viganja.

Gari lilitembea lenyewe hadi nyumbani. Mimi ndiye niliyeliendesha, Masalu kando yangu, mama nyuma amelikumbatia gunia. Tulipofika, habari zikiwa zimetutangulia, watu walikuwa wamejaa, ng'ombe dume mweusi amekwisha kuchinjwa. Walichimba katikati ya zizi. Walilifunga gunia kwa ngozi mbichi ya dume lile, wakalilaza ubavu kama mtu. Ndipo Mama Kabula alipolia. Alilia kilio cha miaka yote ile kwa siku moja, na wanawake wakamwacha alie, hakuna aliyemwambia anyamaze. Siku ya kuanua matanga alinyolewa, akawa mjane, na jirani zake wakasema tangu hapo akawa analala usingizi.

Fundi Mkuu alirudi kwao baada ya uhuru. Nilimsindikiza stesheni ya Mwanza, akagonga behewa kwa kifundo kabla ya kupanda, akaniangalia, tukaelewana. Mimi nilirudi Shinyanga, nikafanya kazi karakana nyingine hadi nilipostaafu, na sasa nakaa tu. Wajukuu wananikataza kugonga magari ya watu barabarani kwa sababu kengele zinalia na wenye magari wanatoka kwa ukali. Hata hivyo hakuna cha kusikia. Yote yananijibu kama kopo la biskuti. Natamani kusikia bati moja tu linalosema kwa sauti ndefu. Natamani mno, kuna siku natamani hadi kifua kinauma, na hakuna wa kumweleza, maana waliojua sauti ile wote wametangulia.

Kila nilichookoa kimeyeyushwa. Malori ya mgodi, magari ya wenye maduka, hata gari la Luhende. Masalu alilitumia hadi likachoka, na wanawe wakaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bati langu lile la pipa sasa labda ni nondo kwenye ghorofa la mtu.

Juzi juzi mjukuu wangu alinipeleka Nyarugusu. Kabula, binti wa Luhende, sasa ndiye bibi wa mji ule, ana meno machache na cheko kubwa. Mama yake amelala kaburini kando ya nyumba. Kabula alinishika mkono akanipeleka zizini, ng'ombe wakatupisha, akasimama katikati na kusema kwa sauti, kama unavyomwambia mzee asiyesikia vizuri:

"Baba, fundi wako amekuja kukusalimia."

Nikainama taratibu, magoti yenyewe haya, nikagonga ardhi kwa kifundo cha kidole, mazoea tu.

Kabula akaniinamia sikioni. "Anajibu?"

"Ametulia," nikamwambia.